Majirani wa Nyota

Nyamirambo, Kigali

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na kikohozi cha Mama kimepungua? Mimi na Shangazi tu wazima. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sauti yangu huishia njiani, na habari hii nataka uipate yote.

Siku naondoka Ujiji ulisema unaogopa kunipeleka shule ya mbali, kwa kuwa hata wageni wakija nilikuwa najificha jikoni. Basi wiki iliyopita shule ilitafuta mwanafunzi mmoja wa kutuwakilisha kwenye mashindano ya sayansi. Kila anayetaka alipaswa kueleza somo lake mbele ya wenzake. Nikajiandikisha.

Nilichagua vitu vilivyo katika galaksi nyingine, vinavyotoa eksirei kali ajabu. Wataalamu wanadhani ni mabaki ya nyota zilizokufa, na kila kimoja kinainyonya nyota iliyo karibu nacho. Ila ni vigumu kujua nyota iliyokufa ilikuwa kubwa kiasi gani. Nilianza kusoma karatasi yangu, sauti ikakauka. Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Dada, hata hizo nyota zako zinasikika kuliko wewe." Darasa likacheka.

Nikaiweka karatasi mezani, nikawasimulia habari ya Shangazi. Jirani yetu alipoletewa posa ya binti yake, alimtuma Shangazi akamchunguze kijana. Shangazi hakumuuliza kijana lolote. Alikwenda mtaani kwao akaongea na rika lake, akarudi na habari kamili. "Mwenyewe atajisifu tu," aliniambia huku akitia uzi kwenye cherehani. "Waulize waliokua naye."

Nikasema wataalamu nao hufanya hivyo. Kwa darubini, kwa mwanga wa kawaida, huzipiga picha nyota zinazokizunguka kile kitu, na rangi zao huonyesha umri. Nyota kubwa za buluu hufa mapema. Zikiwa bado zipo, basi nyota za mtaa ule ni changa. Na kama zote zilizaliwa pamoja, iliyotangulia kufa lazima ilizizidi kwa ukubwa hizi zilizobaki.

Mwalimu wa fizikia akauliza, na kama jirani mwingine ni mhamiaji tu? Nikajibu kwamba hapo hata Shangazi hudanganyika, ndiyo maana huuliza wengi. Wakacheka tena, safari hii nami nikacheka.

Baba, wamenichagua mimi.

Shangazi amewaambia wateja wote. Jana mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni alinitazama, akasema, "Huyu mtoto iko na akili." Shangazi akajibu, "Ni wa kaka yangu." Sikukimbilia jikoni. Nilimwamkia, nikamjibu yote aliyouliza.

Nisalimie Mama, na Bibi anayeniombea dua. Mdogo wangu Idi mwambie kile kitabu changu cha sayari sasa ni chake.

Najua utasema nimejisifu mno. Muulize Shangazi.

Mwanao,
Hadija