Kitambaa Ulichoniachia

Gitothua, Ruiru
17 Desemba 1956

Ndugu yangu mpendwa Gachanja,

Pokea salamu zetu sote katika jina la Bwana. Huku hatujambo, isipokuwa mama na kifua chake kile kile, lakini nguvu za kunigombeza bado anazo, kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yake. Nawe je, u hali gani? Siulizi kwa desturi ya barua tu. Tangu ile yako ya mwezi wa Juni hatujapata nyingine, na mimi nimeandika tatu. Hii naiandika kwa Kiswahili kama ulivyoniagiza, maana za Kikuyu hukaa sana kwa wakaguzi wa barua huko kambini.

Kazi yangu ni ile ile, cherehani barazani pa duka la Dhanji kule Thika. Lango la kijiji likifunguliwa asubuhi naonyesha askari pasi yangu ya kutoka, napanda baiskeli, na mwezi huu nikishakaa kitini sina nafasi hata ya kumeza mate. Dhanji ametundika karatasi za rangi mlangoni. Yeye ni Mhindu, Krismasi si yake, lakini anaijua kuliko mchungaji: kila asubuhi ananitajia siku zilizobaki, kisha ananiuliza mbona nimelala. Akina mama wa mashamba ya kahawa na wale wa mkonge wa Ngoliba wote wanataka gauni la marinda, na kila mmoja analitaka kabla ya mwenzake. Juzi wawili walivutana kitambaa cha maua mpaka kikapasuka, halafu kila mmoja akaniletea kipande chake nimshonee. Nilicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu.

Kanisani nimepewa kusoma masomo ya Majilio mwaka huu. Jumapili mbili za kwanza nilisimama mbele ya watu nikasoma habari za kukesha na kumngoja Bwana, huku kichwani nawaza vifungo na bitana. Mdomo ulikuwa kanisani, mimi nilikuwa barazani kwa Dhanji.

Sasa nije kwa mke wako. Ngendo ni mzima na Waceke anakimbia kijiji kizima, ana miaka miwili na maneno ya mtu wa kumi. Unajua kwamba mlioana kimila, kwa mbuzi wa mahari tu, na kwamba ulichukuliwa wiki mbili kabla ya kufunga ndoa kanisani. Kwa hiyo mpaka leo Ngendo hakaribii Meza ya Bwana. Wenzake wakiinuka kwenda mbele, yeye hubaki kwenye benchi na mtoto mapajani. Wako wanawake waliomwambia aache kungoja. Yeye huwajibu kwamba chai inapoa, wanywe.

Kile kitambaa chako cha suti ya harusi, cha kijivu chenye mstari mwembamba wa buluu, nilikihifadhi kwenye sanduku la bati katika stoo ya Dhanji, kwa sababu nyumba zetu hizi za kijijini zina moshi. Majilio ya kwanza bila wewe Ngendo alikuja Thika akakitoa, akakianika kivulini, akakikunja upya na kukirudisha. Majilio ya pili akafanya vivyo hivyo. Mwaka huu kazi za lazima za kijiji zilimbana, akanitumia salamu kwamba atakuja kukianika kabla ya Krismasi. Nilimjibu asijisumbue, nitakianika mwenyewe. Nilimjibu upesi kuliko ilivyofaa.

Gachanja, kile kitambaa hakikuwa tena sandukuni.

Mwisho wa Novemba alikuja Magdalene, mke wa hedimani wetu, yule mkuu wa kijiji. Nilikuwa nimefungua sanduku natafuta bitana, akakiona. Alitaka koti na sketi ya Krismasi, na akakataa kila kingine tulichomwonyesha, hata kile Dhanji alichosema kimetoka meli ya juzi. Ningeweza kukuambia kwamba niliogopa, kwamba mume wake ndiye anayetia sahihi pasi yangu. Ungeniamini, na mtu yeyote angeniamini. Lakini yule mama hakunitisha hata kidogo. Aliuliza kama kina mwenyewe, nami nikasema hakina. Nikachukua mkasi.

Jana ilikuwa Jumapili ya tatu ya Majilio. Somo lilikuwa lile la Yohana akiwa gerezani, anavyowatuma wanafunzi wake wakamwulize Yesu kama ni yeye waliyemngoja au watafute mwingine. Nikaanza kusoma, na Magdalene akaingia amechelewa. Kungoja Krismasi kulikuwa kumemshinda, koti amelivaa. Akapita katikati ya kanisa mpaka benchi la mbele, na Ngendo yuko benchi la tatu. Nilimwona Ngendo akilitazama lile koti mgongoni. Aliutazama ule mstari wa buluu, kisha akainua macho akanitazama mimi. Mstari niliokuwa nikisoma ulinipotea. Nikarudia maneno ya Yohana mara mbili, watu wakakohoa, nami jasho linanitoka mpaka kwenye kurasa. Mchungaji akaniuliza kwa sauti ya chini kama naumwa.

Ibada ilipokwisha nilitaka kutoka kwa mlango wa nyuma, lakini Ngendo alikuwa ameshasimama pale. Nilianza kumweleza habari za Magdalene, za pasi, za mume wake. Maneno yalikuwa mengi, ndugu yangu, unanijua. Akaniacha nimalize. Kisha akasema:

"Shemeji, kitambaa si kitu. Niambie ni nani aliyekwambia kwamba amekufa."

Hilo ndilo nililowaficha wote tangu Oktoba, na sasa nakuungamia wewe. Mtu mmoja aliyefunguliwa kutoka huko, jina lake nisiliandike, alipita barazani akaniambia mlikuwa na homa ya matumbo kambini. Alisema alikuona umebebwa kwa blanketi na kupandishwa lori pamoja na wengine, na lori likarudi tupu. Sikumwambia mama. Sikumwambia Ngendo. Nilijiambia nawahurumia, lakini kweli ni kwamba nilikuzika peke yangu ili nisiwe na kazi ya kungoja. Niliendelea kupiga magoti na kukuombea mbele yao, na moyoni ulikuwa marehemu. Mkasi ule haukunitetemeka mkononi. Hilo ndilo linaloniumiza, Gachanja, kwamba haukunitetemeka.

Ngendo alisikiliza yote. Aliniuliza kama yule mtu aliona kaburi. Nikasema hapana. Aliniuliza kama hospitali iko kambini au mbali nako. Nikasema sijui. Akamhamisha Waceke kutoka bega hili kwenda lile. Kisha akasema, "Basi mwandikie. Na usimwandikie kama unaandikia maiti." Akaenda zake, na njia nzima hakugeuka.

Nimelia, sikufichi. Lakini usiku ule somo lilinirudia, maana mara ya kwanza nililisoma bila kulisikia. Yohana alikuwa mtu wa Mungu kweli, na bado alipofungiwa alishikwa na shaka. Akauliza. Na Bwana hakumkemea kwa kuuliza, alimpelekea jibu hata gerezani. Miaka yote mimi nilidhani kuamini ni kutouliza, na nilipoogopa jibu nikaacha kuuliza kabisa. Basi nami nauliza, ndugu yangu, kwa barua hii: upo?

Kama aliyeifungua si wewe, bali ni bwana mkaguzi au karani, namwomba kwa heshima atuandikie neno moja la kweli, lolote lile. Tutalipokea. Lakini mimi sijamwandikia yeye, nimekuandikia wewe.

Mama anakusalimu sana, na majirani wote wa lango la juu. Waceke amejifunza kusema jina lako, analisema kwa kila mtu mwenye kofia. Ngendo sikumwonyesha barua hii. Nilimwuliza niweke salamu gani kutoka kwake, akasema ameshakuambia mwenyewe katika maombi yake.

Leo asubuhi nimechagua kitambaa kingine cha kijivu, kizito kuliko kile, na nimemwambia Dhanji kina mwenyewe. Vipimo vyako vya zamani sivitumii. Mwombe mwenzako akupime kwa kamba na kwa shubiri zake, kifua, kiuno na urefu wa mkono, uniandikie ulivyo sasa, wala usione haya. Kama umekonda nitakushonea ulivyokonda, na ndani nitaacha upindo mpana, tukufungulie ukinenepa.

Ni mimi mdogo wako,
Ephantus