Bosi Aliyeegemea Kona ya Bomba

Shoga, nimemtukana bosi. Kwenye redio ya upepo! Kiwanda kizima kimesikia!

Si unakijua kile kidude changu kinachosikiliza mchanga ndani ya bomba la gesi? Leo kimelia kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Maana yake mchanga unaikwangua ile kona ya bomba kwa ndani. Natazama dirishani, naona mtu kaiegemea, anaongea na simu, kanipa mgongo. Kipara kilekile cha fundi wetu wa valvu, yule mtani wangu.

Nikashika redio, nikamwambia, "We kipara! Ondoa makalio yako hapo kabla hayajaruka!"

Akageuka. BOSI! Shoga, BOSI!

Alitoka mbio mpaka simu ikamdondoka. Tukafunga kisima cha gesi, tukapima kona. Chuma cha milimita tisa kimebaki mbili. Mbili!

Nikaanza, "Samahani mzee, nilidhani..." Wala hanisikii. Anaikodolea macho ile kona, jasho linamtoka. "Kila siku naegemea hapa," akasema.

Kisha akaninyang'anya redio. Nikajua kazi sina.

"Wote msikie. Huyu dada akiwatukana, kimbieni kwanza. Mambo ya adabu baadaye."