Kijapani cha Ushuru

Nyumbani kwa Mama,
9 Machi

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu. Natumai u mzima na baridi ya huko Japani haijakuonea. Sisi tunasukuma siku. Mama mguu umevimba tena, hatoki kitandani bila kushikwa.

Kwanza kazi, maana najua ndiyo utakayoitafuta. Kontena la injini limetoka bandarini, na orodha ya bei uliyotuma nimeitafsiri yote. *Zeinuki*, bei kabla ya kodi. *Zeikomi*, kodi ikiwa ndani. *Kanzei*, ushuru wa forodha. Sikukosea hata moja. Stoo nzima wananiita Mjapani.

Sasa lililonikaba. Wifi alifika Jumanne, peke yake, umemtuma kama kifurushi. Mama alijipaka mafuta, akavaa gauni lake jipya. Nilishajigamba kwake kwamba lugha ya mke wa mwanawe naijua, basi akanivuta karibu: "Muulize mwanangu anakuja lini. Muulize kama anakula vizuri."

Kaka, kwa maswali hayo sikuwa na neno hata moja la Kijapani. Miaka minne ya kunifundisha kila Jumapili kwenye simu! Nilipokuomba unifundishe japo kumwamkia mtu, ulisema hizo porojo zitakuja baadaye, tuanze na ya kazi. Ningeweza kumuuliza wifi bei yako, na kama kodi imo. Hilo ningelitamka bila kukwama.

Wifi aliongea kirefu, kamshika Mama mkono, mpaka mwenyewe akalia. Habari zako zote zilikuwa pale, nami nimekaa kama mbuzi apigiwaye gitaa. Nikatoa simu itutafsirie. Mama akanizuia. "Weka hiyo. Habari za mwanangu sisomewi na kidude." Kisha akaniuliza, "Miaka yote hiyo mlikuwa mnaongea nini?"

Nikamjibu ukweli, kwamba ni bei. Akageukia ukutani.

Nina hasira nawe na sitaificha. Pesa unatuma, silikatai hilo, lakini pesa haiketi kitandani na mgonjwa.

Jana muuguzi alikuja kufunga mguu, akamuuliza Mama ana watoto wangapi. Akasema mmoja, akaninyooshea mimi kidole. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la maji, na sikumsahihisha.

Shangazi anakusalimu, na binamu yetu fundi cherehani pia. Mwambie wifi kwa lugha yake kwamba nimemkubali, ana moyo. Mungu akutunze huko uliko.

Akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Dada yako