Mabuti ya Marehemu

Jumamosi, 20 Januari 1968. Korogwe.

Leo tena tumeruka kutoka kwenye lori. Linakwenda polepole kando ya uwanja wa ndege wa shamba la mkonge, sisi tunaruka mmoja mmoja kwenye lundo la makapi. Miguu pamoja, magoti yalegee, anguka ubavu, viringika. Mhandisi anafoka kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Nimerudi kambini nanuka makapi hadi paka wa jirani kanikwepa.

Tuko sita, wote wa karakana. Mhandisi alikuwa askari wa miavuli kwao Ulaya, na amechoka kukaa chini. Akaruhusiwa kutumia ndege ndogo ya shamba siku za Jumamosi, akauliza nani anataka kufundishwa kuruka. Mkono wangu ukanyooka. Nilishtuka kuuona uko juu.

Mimi, Rajabu, ambaye sijawahi kupanda hata mpera. Baba aliteleza mtini akilina asali, akafa, nikiwa bado nanyonya. Tangu hapo mama alipiga marufuku miti, mapaa, hata ngazi. Wenzangu kijijini Sindeni walichuma, mimi niliokota. Mama hajui habari hii ya ndege. Asijue.

Jumapili, 28 Januari. Sindeni.

Nimekwenda kumsalimia mama. Mzima. Kuku wake wa madoadoa sasa analala chini ya kitanda, ati nje kuna kicheche. Hamuuzi, hamchinji. Mwaka jana alikuja mjomba mgeni kutoka Mombo, akapikiwa maharage huku kuku anamkatiza miguuni.

Mama ameona mikwaruzo mikononi mwangu. Nikasema mkonge. Akasema afadhali, mkonge uko chini. Nimesikia vibaya njia nzima ya kurudi.

Alhamisi, 1 Februari. Korogwe.

Mhandisi ametugawia mabuti ya zamani ya jeshi. Marefu, yanashika kifundo. Asiye na mabuti haruki, amesema, na hilo halina mjadala. Yangu yamenikaa sawasawa. Nimeyapaka dawa mara mbili.

Maganga ameyatolea macho. Huyu ni Mnyamwezi, fundi wa kuchomelea, na Wanyamwezi ni watani zetu Wazigua tangu enzi za misafara. Hula chakula changu, hulala kitandani kwangu na miguu michafu, nami siruhusiwi kukasirika. Kashika kamba za mabuti, kasema, "Mtani, ukifa haya ni yangu."

Nimecheka. Lakini si maneno matupu. Mtu akifa, mtani wake ndiye anayechekesha matanga. Anachukua vitu vya marehemu, anamwigiza, na ndugu wakitaka kitu kirudi lazima wakikomboe. Nimemwambia atangoja sana.

Jumamosi, 3 Februari.

Nimeruka.

Sikuruka, tuseme ukweli, Mhandisi alinigusa begani na miguu ikaondoka bila ruhusa yangu. Ardhi ikawa juu, kisha chini. Nikalia, "Mama, nakuja!" Sijui nilikuwa namwambia nini. Kamba iliyofungwa ndegeni ikavuta mwavuli, nikatikiswa, halafu kimya. Kimya cha namna ile sikuwahi kukisikia. Jogoo akawika mahali fulani chini yangu. Chini yangu!

Nimetua vibaya, lakini nimetua. Maganga alikuwa ameshatua na alisikia kila kitu. Jioni nzima karakana imekuwa ni "Mama, nakuja" tu. Anapanda juu ya meza, anajitupa.

Sikujua kwamba mtu anaweza kuogopa hivi na kutaka tena.

Jumamosi, 10 Februari.

Maganga kaangukia mkonge! Mungu hamtupi mja wake. Tumeweka kanuni: anayetua kwenye mkonge anatuchemshia chai wote, na sisi tunamtoa miiba. Amelala kifudifudi juu ya benchi anatukana ukoo wangu, mimi nina koleo. Mhandisi alicheka hadi akakaa chini. Chai ilikuwa na moshi lakini tumeinywa yote.

Zamani nilikuwa nawajua hawa kwa majina tu. Sasa najua nani anasali kimoyomoyo mlangoni, nani anatapika kabla, nani anaimba. Wiki ijayo tutaruka kutoka juu zaidi. Kaskazi inazidi kuvuma, ule mfuko wa kuonyesha upepo umenyooka ubavuni mwa mlingoti mchana kutwa, hauanguki.

Jumatano, 21 Februari. Sindeni.

Niko hai. Naandika hilo kwanza.

Jumamosi niliruka wa mwisho. Mwavuli ulifunguka vizuri, ila kaskazi ilinichukua. Uwanja ukabaki nyuma. Mkonge ukaisha. Mto ukaja, mto ukapita. Nikavuta kamba kama tulivyofundishwa, upepo haukujali nimefundishwa nini. Mwisho ni pori la upande wa Handeni na mti mmoja mkubwa. Mimi niliyekatazwa kupanda miti, nimeingia mtini kwa kutokea juu.

Nilining'inia. Nikakata mikanda kwa kisu, nikajikata na mkono, nikaanguka. Kifundo kikalia. Damu ilitoka nyingi, ikachafua mwavuli uliochanika. Mguu ukaanza kuvimba, nikaona nivue mabuti kabla hayajakataa kutoka. Nikafungua kamba, nikayavua yote mawili, nikayaweka pamoja chini ya mti kama tunavyoviacha viatu mlangoni msikitini. Nitayarudia, nilisema. Nikashika fimbo, nikafuata kengele za ng'ombe.

Wamaasai walinipokea bila maswali mengi. Maziwa, dawa ya majani, ngozi ya kulalia. Nililala siku tatu nina homa. Jana wakanipandisha punda hadi barabara ya Kwedizinga, nikapata lori linalokuja huku.

Ndani ya lori kulikuwa na mzee mmoja. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza naenda wapi. Sindeni. Akasema na yeye Sindeni, kwenye hitima. Kuna kijana wa Korogwe kaanguka kutoka kwenye ndege, fisi wakamla. Hawakukuta hata mfupa, damu tu na mabuti. Mama yake ni mjane, na huyo ndiye mwanawe wa pekee.

Nilishika ubao wa lori kwa mikono yote miwili.

Mzee akaona uso wangu. "Pole, baba. Ni ndugu yako?"

Nikasema ndiyo.

Nilishukia mbali kidogo na nyumbani nikapitia shambani. Mguu mmoja, fimbo, mahindi yamekauka yanapiga kelele. Nikasikia watu wanacheka. Kwetu! Nikatoa kichwa.

Uwanja umejaa. Wanaume kwenye mikeka, wanawake barazani, masufuria yameshaoshwa. Katikati, juu ya kinu kilichopinduliwa, kasimama Maganga. Kavaa shati langu la Idi. Kavaa mabuti yangu. Kafunga shuka la mama shingoni. Analia, "Mama, nakuja!", anajitupa chini, anagaagaa, anapanda tena. Watu wanacheka huku wanafuta machozi, na mama yuko katikati ya wanawake, kajitanda kanga hadi machoni, mabega yanatikisika. Sikujua kama ni kicheko au kilio.

Nilijiona nimekufa. Sijui niseme vipi. Nilimwona mtu ananiigiza, na nafasi yangu pale uwanjani ilikuwa imeshajaa.

Mwanamke mmoja akaniona, akaangusha sinia. Wengine wakakimbia. Shehe akasoma kwa sauti, macho amefumba. Mama hakukimbia wala hakulia. Alikaa chini taratibu, mahali palepale, akaniangalia miguu. Baadaye kaniambia alikuwa anatafuta kama inagusa ardhi.

Maganga alibaki juu ya kinu.

"Mtani, umechelewa," akasema. "Ubwabwa umekwisha."

Kisha akashuka, akakaa juu ya kinu hichohicho, akalia kama mtoto na kamasi. Alikuwa ametembea siku nzima porini akiita jina langu. Ndiye aliyeyaona mabuti.

Wamenisalia. Jina langu limesomwa msikitini. Hadi sasa nikikumbuka nasisimka. Na nina swali moja: watu wazima wote wale, hakuna hata mmoja aliyejiuliza fisi anafunguaje kamba za viatu?

Ijumaa, 23 Februari.

Mama hasemi. Ananikanda mguu kwa maji ya chumvi, ananipa uji, hasemi. Nilijua atanigombeza. Nilijiandaa. Hii ni mbaya zaidi.

Leo mchana nimemwomba radhi. Kwa kumficha, kwa kila kitu. Alikuwa anakanda, hakuinua kichwa.

"Nimekwisha kukulilia, Rajabu. Machozi ya mara ya pili sina. Ukienda tena, usinihesabu."

Akaendelea kukanda.

Jumamosi, 24 Februari.

Maganga kaja na salamu za Mhandisi. Mzungu kakonda, anasema kosa ni lake, upepo ule hakupasa kuturusha. Sasa kaweka sheria kali, na mguu ukipona nafasi yangu ipo.

Shati langu karudisha. Shuka karudisha. Mabuti hapana. Kaja ameyavaa. Nikamwambia sijafa, akasema hilo si jambo lake, matanga yalikaliwa, wali ulilika, mabuti aliyatwaa kwa haki ya utani mbele ya shehe. Nikasema basi nayakomboa. Akatikisa kichwa. Marehemu hajikomboi mwenyewe. Lazima atoe mfiwa.

Mfiwa ni mama. Hakuna mwingine. Wote wawili tukamtazama. Alikuwa mlangoni anapepeta mahindi.

Akasema, "Kaa nayo, mwanangu. Yamekupendeza."

Maganga aliinamisha kichwa. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Bila mabuti siruki. Mhandisi habadiliki kwa hilo, na jozi nyingine ya mguu wangu hakuna. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Mama yuko sahihi. Maganga yuko sahihi. Mimi nataka kuruka.

Jumatatu, 4 Machi.

Mguu unakanyaga. Jumapili narudi kazini. Karakana tu, chini, kama mama anavyopenda. Nimejiambia hivyo asubuhi nzima. Nilipoona mwewe anazunguka juu ya shamba nikaingia ndani.

Jumatano, 6 Machi.

Tumepukuchua mahindi tangu adhuhuri. Vidole vinauma. Ghafla mama kaniuliza huko juu panaonekana nini.

Nilishtuka. Nikamweleza. Mkonge ni mistari, umechanwa kama kichwa cha msichana. Mto ni kahawia. Milima ya Usambara iko karibu kuliko inavyoonekana ukiwa chini. Watu hawaonekani, moshi wa majiko ndio unaonekana.

"Na miti?"

Nikasema miti yote ni mifupi. Imelala kama majani ya bamia kitaluni.

Akapukuchua gunzi zima.

"Hata ule wa baba yako?"

Ule uko bondeni, nyuma ya kisima. Nimeuogopa tangu utoto, sijawahi kuukaribia. Nikasema hata ule. Ukiwa juu huwezi kuujua ni upi.

Macho yalikuwa kwenye mahindi. Akachukua gunzi lingine.

Jumapili, 10 Machi.

Jana Maganga alikuja kunisalimia, akalala hapa. Hakunitania hata mara moja. Nikadhani anaumwa. Alfajiri alikwisha ondoka na lori la mkaa. Jirani kanieleza kwamba kamwona anakwenda kulipanda pekupeku, kakumbatia kitu ndani ya kanga.

Nimefunga mfuko wangu. Mama yuko jikoni. Nikainama chini ya kitanda chake kutafuta ndala zangu. Hapakuwa na kuku. Manyoya mawili ya madoadoa tu, na mabuti. Yamepanguswa vumbi, yamewekwa pamoja, vidole vikitazama mlangoni. Kamba zimefuliwa, bado zina unyevu.

Nikaketi sakafuni, nikayavaa.

Nilipotoka mama alikuwa anafunga viazi kwenye jani la mgomba. Nikamwamkia mara ya pili, sijui kwa nini. Akaitika. Akanitazama miguu, mabuti nimeyavaa, akasema nile upesi, basi la Korogwe halingoji mtu. Nikala.