Mdomo wa Hodhi la Mama

Jumatatu, 6 Machi 1995

Ndoo nne tena jioni hii. Kutoka jikoni, kupanda ngazi, hadi bafuni. Ya tatu ilinimwagikia. Nikateleza, nikagonga goti. Mama kaketi ndani ya hodhi, maji hayafiki hata kiunoni, na kila nikimimina anasema asante. Asante, asante. Kama mgeni.

Wiki ya tatu sasa tangu mdomo wa hodhi, ule unaotoa maji, uvunjike. Ulikuwa wa tangu nyumba hizi za Buruburu zijengwe. Ulioza kwa chini, ukapasuka, ukaanguka. Imebaki paipu tupu ya kopa, ile shaba nyekundu, imechomoza ukutani kama kidole. Ukifungua mfereji, maji yanaruka ovyo hadi sakafuni. Kwa hiyo haifunguliwi. Hita inafanya kazi, maji ya moto yamo humo ndani, na mimi nachemsha sufuria jikoni.

Daktari aliyemfanyia Mama operesheni ya nyonga alisema: nusu saa kwenye maji ya moto kila siku, mguu uchezeshwe humo. Kila siku. Yeye hakubeba ndoo.

Kaka yangu Kioko anajua. Nyumba ni yake. Aliinunua, kisha akahamia upande ule mwingine wa mji na mkewe, akaniacha hapa nimtunze Mama. Kila Jumapili anakuja, anakunywa chai, anatazama saa. Anasema atashughulikia.

Jumatano, 8 Machi

Nimempigia Kioko kwa simu ya ofisi. Kiwanda kizima cha mishumaa kilinisikia. Mkubwa wangu alisimama mlangoni hadi nikaweka simu chini.

Atashughulikia.

Nimebandika stempu upande usiofaa kwenye barua sita. Hasira.

Alhamisi, 9 Machi

Ndoo nne. Hakuna aliyekuja.

Jumamosi, 11 Machi

Wamekuja. Kioko na fundi anayeitwa Jose, wanasali kanisa moja. Kioko alishika boksi lenye mdomo mpya unaong'aa, alioununua mwenyewe bila kuja kupima chochote.

Nilisimama mlangoni pa bafu nikaangalia. Mdomo ule una meno ndani, ya kuzungusha kama kifuniko cha chupa. Paipu yetu ni laini, haina meno hata moja. Mtu yeyote mwenye macho angeona. Nikasema.

Jose hata hakugeuka. "Sista, relax. Hii kitu itashika tu."

Akaizungushia paipu tepu nyeupe, raundi kwa raundi, hadi ikawa nene kama kidole kilichofungwa bandeji. Akaingiza mdomo kwa nguvu, akaukaza kwa spana kubwa. Paipu ikalia. Nilisikia. Akapaka simiti nyeupe pembeni. Akafungua maji kidogo, akafunga.

"Unaona sasa?" Kioko akaniambia. Kama mimi ndiye niliyeuvunja.

Walipoondoka nilijaza hodhi. Mama akaingia, maji yakamfika kifuani. Alifumba macho. Nusu saa nzima hakusema asante hata mara moja. Niliona aibu kwa yote niliyoandika hapa wiki hii.

Jumapili, 12 Machi

Nafuta aibu yangu.

Asubuhi kochi limelowa. Dari ya sebule ina doa kubwa la kahawia, inadondosha maji katikati. Nikapanda bafuni, nikagusa mdomo. Ukabaki mkononi mwangu. Maji yote ya jana, yale yaliyokuwa hayatoki mbele, yalikuwa yanarudi nyuma kwa kufuata paipu, yanaingia ndani ya ukuta. Na spana ya Jose imebonda mwisho wa paipu, umekuwa bapa kama mrija uliotafunwa.

Kioko alikuja baada ya kanisa. Alitazama dari muda mrefu. Halafu akasema tulifungua maji kwa nguvu sana.

Mama alikuwa juu kitandani, mlango wazi. Akaita kutoka kule: "Nisamehe, mwanangu."

Mama ndiye aliyeomba msamaha. Na Kioko akauchukua! Akasema si neno, Mama.

Nilitoka nje nikafua nguo ambazo tayari zilikuwa safi.

Jumanne, 14 Machi

Kioko amekuja jioni akitoka kazini. Hakuketi. Jumamosi ataleta pikapu, Mama arudi kijijini kwetu Kitui. Ameshapata msichana wa kukaa naye. Nyumba inaharibika, anasema, na Mama hapumziki mjini.

Kitui choo kiko nyuma ya zizi. Njia ni mawe matupu. Nani atamchemshia maji? Atayaogea wapi, kwenye karai? Nilisema yote hayo, na mengine.

"Mwende, punguza sauti. Hii ni nyumba yangu."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikirudisha mezani taratibu. Najuta kutokirusha.

Akamgeukia Mama. "Au vipi, Mama?"

"Sawa," Mama akasema.

Tangu avunjike nyonga hilo ndilo neno lake. Unakunywa chai? Sawa. Tuzime taa? Sawa. Mwanamke huyu aliwahi kumfukuza chifu shambani mwake kwa jembe. Namchukia Kioko. Leo namchukia na Mama kidogo.

Jumatano, 15 Machi

Nimeomba ruhusa nikasema naenda hospitali. Nimeenda Majengo, kwenye duka la vyuma la Bi Zuhura. Aliachiwa na mumewe aliyefariki, na watu husema anajua kila msumari uliomo. Nilimpa shikamoo, nikauweka mdomo wa Kioko mezani.

Aliutia kidole ndani. "Nani kakuuzia huu?"

"Kaka yangu kanunua."

"Huu una meno. Paipu yako ina meno?"

"Haina, Bi Zuhura. Laini kabisa."

"Basi, mwanangu, hawa hawajuani hata kwa salamu."

Akanitolea mwingine. Ndani ni laini, una pete ya mpira, na kwa chini kuna skrubu ndogo iliyofichwa. Huu hauzungushwi. Unasukumwa, kisha unabanwa kwa ile skrubu. Akanieleza pole pole, akanirudisha nyuma niseme upya: funga maji. Kata pale palipobondwa. Piga tupa hadi pasibaki ncha, maana ncha itaukata mpira. Sugua kwa msasa hadi kopa ing'ae. Paka mpira sabuni. Sukuma. Bana, lakini kopa ni laini, usibane kwa hasira.

Sikujua kama hasira yangu inaonekana hivyo.

Paipu ikishakatwa, akasema, ni lazima ibaki imechomoza angalau urefu wa kidole chake cha kati. Akanipimia kwa uzi, akaukata, akanipa.

"Fundi gani atakufungia?"

"Mimi."

Akanitazama. Akaingia nyuma, akarudi na msumeno wa chuma. "Huu wa marehemu. Utanirudishia. Na ukate mara moja tu. Ukikosea hapo, ni kuvunja ukuta."

Ijumaa, 17 Machi

Imefanyika.

Nilitoka kazini mapema bila kuaga mtu. Nikafunga koki ya tangi. Nikabandua simiti ya Jose kwa kisu na nyundo, nikimtukana Jose kwa kila pigo. Nikapima kwa uzi wa Bi Zuhura. Kutoka ukutani hadi pale palipobondwa: urefu wa uzi, na unene wa ukucha. Ukucha tu ndio uliokuwa wa ziada.

Paipu ilikuwa ikicheza kila nikiweka msumeno. Mama alikuja na mikongojo yake, akakaa kwenye kigoda kando ya hodhi. Sikumwita. Akaishika paipu kwa kitambaa, kwa mikono miwili. Ana nguvu za mikono bado. Ikatulia.

Nilikuwa nimefika nusu ya kukata aliposema, "Mimi sipendi kuogeshwa."

Nikaacha kukata.

"Nyinyi nyote niliwaogesha mimi," akasema. "Sasa unanishika kwapa, unanigeuza. Hutazami pembeni hata kidogo."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Ulikuwa na hasira kila siku. Ningesema saa ngapi?"

Nilidhani hasira zangu zote zilikuwa za kumtetea. Kumbe na yeye alikuwa akizikwepa humu ndani, kama mtu anayekwepa ndoo kwenye ngazi. Nilikata. Kipande kilichobondwa kikaanguka ndani ya hodhi, kikalia. Nikapiga tupa. Nikasugua kwa msasa, kopa ikatoka rangi ya pinki, nzuri ajabu, sikujua iko hivyo. Mama ndiye aliyepaka mpira sabuni. Nikasukuma. Ukagoma. Nikasukuma tena huku nikizungusha kidogo, ukaingia hadi ukagusa ukuta. Nikalala chali ndani ya hodhi kavu kuitafuta skrubu, nikaibana kwa kile kichuma kilichopinda kilichokuja nayo. Si kwa hasira.

Nikafungua koki. Nikafungua maji. Yakatoka mbele, yote, mkondo mmoja.

Nikakimbia chini. Nikasimama chini ya lile doa, nikanyoosha shingo. Nikahesabu hadi mia tano. Hakuna tone.

Nililia pale sebuleni. Si kwa furaha. Wiki nne. Wiki nne za ndoo kwa kazi ya saa moja na nusu!

Jumamosi, 18 Machi

Kioko alifika saa tatu asubuhi, pikapu ikiunguruma nje. Mama alikuwa bafuni tangu saa mbili na nusu. Aliingia mwenyewe. Mimi nilimshika mkono tu akivuka ukingo, nikitazama pembeni.

"Mwambie niko majini," akasema.

Nikamwambia. Kioko akakaa kwenye kochi ambalo bado halijakauka. Saa tatu na nusu. Saa nne. Tukasikia mfereji ukifunguliwa juu, Mama akijiongezea maji ya moto. Kioko akapanda ngazi. Akasimama nje ya mlango wa bafu, mkono umeinuliwa, asiweze kuugusa. Ni mama yake, yuko uchi mle. Angefanya nini?

"Mama, safari ni ndefu. Tunachelewa."

"Nani amesema nasafiri?"

"Wewe. Jumanne. Ulisema sawa."

Maji yakapiga pwaa.

"Wewe ulikuwa umeshaamua, Kioko. Nilisema sawa ili unyamaze. Kitui nitakwenda siku nitakayopanda gari kwa mguu wangu. Sasa toka hapo mlangoni, nataka kuinuka."

Kioko alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha maneno hayo. Sikumfundisha. Ningeyajua ningeyasema mwenyewe zamani.

"Nani alifunga ule mdomo mpya?" akauliza.

"Mimi na Mama."

Akashuka. Pikapu ikaondoka tupu. Hakuuliza mguu unaendeleaje. Hata hilo! Nilisimama dirishani nikiwa nimekunja ngumi hadi gari likapotea kwenye kona.

Jumapili, 26 Machi

Mvua imeanza. Kioko alikuja na kopo la rangi nyeupe. Alivua koti, akapanda meza, akapaka dari mwenyewe. Anapaka vibaya. Nilimshikia meza. Hatukuzungumza juu ya mambo yale. Alikunywa chai, akaomba ya pili.

Jioni Mama alipanda ngazi, mkongojo mmoja, mkono mwingine ukutani. Akafunga mlango wa bafu. Nikakaa kwenye ngazi nje. Nikasikia mfereji ukifunguliwa, ukitiririka muda mrefu, ukifungwa. Kisha kimya. Kimya kirefu. Nikainuka nibishe, nikakaa tena. Baadaye nikamsikia akiimba chini chini, wimbo wa kanisani, ameusahau ubeti wa pili, anarudia wa kwanza.

Nikashuka kuchagua mchele.