Picha Mbili za Mama Sabina

Jumanne. Baridi ya mwezi wa saba, manyunyu tangu alfajiri. Nimefunga duka saa nane mchana, majirani nikawaambia kichwa kinaniuma. Nimewadanganya. Kinachoniuma ni aibu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Msamala, Songea, na siku hizi fundi asiye na ukurasa mtandaoni ni kama hayupo. Wateja wangu wengi siwajui sura. Wananitumia mshono wanaoutaka, nawatumia picha ya gauni likiwa tayari, wanasifia, wengine wanakuja. Kinachopendwa kuliko vyote ni picha mbili pamoja: mteja alivyoingia, na alivyotoka.

Wiki tatu zilizopita aliingia Mama Sabina, mkulima wa Lusewa. Mwanawe wa mwisho alikuwa anakaribia kupewa upadre, naye alitaka gauni la kitenge la siku hiyo. Alilokuja amelivaa lilikuwa limefubaa, kwapani limeshikwa na pini. Nikamwomba asimame nimpige picha. Nikasema ni ya vipimo.

Haikuwa ya vipimo.

Alipokuja kuchukua gauni nikampiga nyingine, anacheka. Jioni ile nikaziweka pamoja ukurasani, nikaandika: "Njooni hata na matambara, mtatoka malkia!"

Zikasambaa kwenye magrupu ya Songea nzima. Watu waliicheka ile ya kwanza. Mmoja aliandika kwamba gauni lile lingefaa kufukuzia ndege shambani. Nami, nikitaka kuonekana mchangamfu kwa wateja, nikamjibu kwa vikaragosi vya kucheka.

Kesho yake binti wa mama huyo, Sabina, akaandika chini ya picha: "Dada, huyu ni mama yangu. Naomba uitoe."

Nilisoma. Oda zilikuwa zinaingia kwa fujo. Nikafuta maneno yake, picha nikaziacha.

Hapo sina cha kujitetea.

Leo saa sita Mama Sabina alisimama mlangoni, mkononi mfuko. Nikamkaribisha kwa kelele, nikamuuliza sherehe ilikwendaje. Akatoa gauni, akaliweka mezani. Limekunjwa vizuri.

"Ni zuri, binti yangu, sina ugomvi nalo," alisema. "Asubuhi ile nililivaa. Wenzangu wa jumuiya ya kanisani waliponiona wakaanza kuimba, malkia wa matambara, malkia wa matambara. Walikuwa wanatania tu. Nikarudi ndani nikalivua."

"Sasa ulivaa nini, mama?"

"Lile la zamani. Nikapiga magoti mbele ya mwanangu, akanipa baraka yake ya kwanza nikiwa nalo. Lile nililishona mwenyewe, kwa mkono, mwaka aliokwenda seminari."

Hakupandisha sauti. Nilitaka kusema nisamehe, kinywani kikatoka: "Nitakushonea jingine, mama."

Akatikisa kichwa, akajifunika khanga, akatoka kwenye manyunyu. Sikumfuata.

Nimezifuta picha. Najua hazifutiki kwenye simu za watu.

Kisha nikaanza kuandika ukurasani kuomba radhi. Maneno yalikuwa yanakuja vizuri, ya unyenyekevu kabisa, na nikajikuta natafuta picha yangu nzuri ya kuambatanisha. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza watakavyonisifu.

Nikatupa simu kitandani. Hata aibu yangu nilitaka kuwauzia.

Kesho napanda basi la asubuhi kwenda Lusewa. Duka halitafunguliwa na ukurasani sitasema niko wapi. Nitamweleza yote, pamoja na yale ya binti yake niliyoyafuta, maana huenda hayajui. Sibebi gauni wala zawadi.

Nitampa shikamoo. Je, akiniitikia, nitaweza kumtazama usoni?