Ubeti wa Tatu

Alhamisi, Igowole

Binti yangu Neema ana haki. Harusi ni yake, na hautaki ule wimbo wetu wa zamani wa kumuaga bi harusi, kwa sababu ubeti wa tatu unamwambia mke akipigwa anyamaze. Nilimkasirikia. Nimeuimba tangu utoto!

Mama yangu alitusikia tukibishana, akauliza, "Kwani tukifika ubeti huo, huwa tunafanyaje?"

Tunaacha kucheza. Wanawake wote tunakaa chini. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

"Tulikuwa tunagoma, mwanangu. Kusema tulikuwa hatuwezi."

Neema akamgeukia. "Basi bibi, Jumamosi uimbwe. Ila hapo mimi sikai. Nasimama."

Mama akapiga vigelegele palepale jikoni.

Wakwe watasemaje, sijui. Nitasimama naye.